Ngozi Yenye Sura ya Mbao

[Muziki wa kufungulia, kisha unashuka]

Kipindi hiki ni chako, ndugu msikilizaji, popote ulipo: Nyarugusu au Kakuma, Nakivale, Mahama au Lusenda, au mjini ambako umepanga chumba na unatafuta riziki kama watu wengine. Na wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu redio ya nyumbani imeisha betri, ni chako vilevile. Leo ni zamu ya kazi za mikono.

Tuseme mkononi unao mkanda wa suruali. Ukiutazama kwa mbali unadhani ni ubao mwembamba wa mninga: una rangi ya kahawia, una mistari myeusi inayokwenda kwa urefu, na mahali fulani mistari hiyo inapinda kulizunguka jicho, kama inavyopinda kwenye ubao palipokuwa na tawi. Ukiushika unakunjika. Ni ngozi ya ng'ombe. Kitu kama hiki kinauzika, maana mteja husimama kukigusa, na mteja aliyesimama ndiye unayeweza kuzungumza naye.

Wengi wenu mmeshaanza kushona pochi, mikanda na makava ya Biblia na misahafu. Tatizo mnalolieleza ni lile lile: kila mtu anauza pochi ya kahawia. Rangi za dukani ni ghali, chupa ni ndogo, na nyingi zina harufu kali inayojaa chumba mnamolala na watoto. Kwa hiyo nitawaeleza njia inayotumia misumari, siki, majani ya chai na majivu. Ni njia ya zamani sana na haina siri. Ila ina sharti moja, na ukiliruka utapoteza ngozi, na kwa mtu mwenye mtaji wa ngozi moja hiyo ni hasara ya kufunga kazi.

Sharti lenyewe ni kuijua ngozi uliyonayo.

Ngozi husindikwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya magome ya miti. Magome yana kitu kinachoitwa tanini, kile kinachokausha ulimi unapokunywa chai kali au unapokula ndizi mbichi. Tanini huingia ndani ya ngozi ikaishika isioze. Miti ya muwati ilipandwa kwa ajili hiyo katika nyanda za juu za Kenya na kule Njombe, Tanzania. Pwani watu walitumia magome ya mikoko, na penye ukame, magome na maganda ya mgunga. Njia ya pili ni ya viwandani, ya chumvi za kromu. Hiyo ni ya haraka, na sehemu kubwa ya ngozi inayouzwa duniani leo imesindikwa hivyo.

Rangi tunayoizungumzia leo inafanya kazi kwenye ngozi ya tanini peke yake. Chuma kikikutana na tanini, viwili hivyo hugeuka kuwa weusi ndani ya ngozi yenyewe. Si rangi iliyopakwa juu, ndiyo maana haiachi doa kwenye suruali ya mteja. Penye kromu tupu, chuma hakina cha kukutana nacho, na utaishia na ngozi iliyolowa siki.

Utaitambuaje? Kata kidogo pembeni uangalie unene wake. Ngozi ya kromu, hata kama imepakwa rangi nyeusi juu, mara nyingi katikati huonyesha ukijivu au ubuluu hafifu. Ya tanini ni ya kahawia hadi ndani. Kisha dondosha tone la maji upande wa juu. Likinyonywa na kuacha alama iliyoiva, ni dalili nzuri. Likibaki limesimama kama kwenye jani la muhogo, ngozi hiyo imepakwa kitu juu na haitakunywa chochote. Kipimo cha uhakika zaidi ni maji ya chuma yenyewe, nitakayoeleza sasa hivi jinsi ya kuyatengeneza: weka tone moja kwenye kona isiyoonekana. Ikigeuka nyeusi ndani ya dakika chache, endelea. Ikibaki vilevile, acha, na ngozi hiyo ishone bila kuitia rangi hii.

Ngozi iliyokaushwa juani tu, kama ile ya mbuzi aliyechinjwa sikukuu ya Idi ikawambwa ukutani, hiyo haijasindikwa. Haina tanini wala kromu. Itanuka na kuoza ukiilowesha. Na tafadhali, usikimbilie kubandua magome ya mti ulio hai ili ujisindikie mwenyewe. Mti uliobanduliwa gome kuuzunguka hufa, na wenyeji wa eneo wanajua ni nani aliyepita hapo. Ugomvi wa miti kati ya wakimbizi na wenyeji tunao wa kutosha.

Kabla ya kuendelea, jambo moja la jikoni. Mabaki ya ngozi yasiingie kwenye jiko. Najua kuni ni shida, na najua kipande cha ngozi kinawaka. Lakini kromu iliyotulia ndani ya ngozi, ikichomwa inaweza kugeuka kuwa aina nyingine ya kromu, ile inayosababisha saratani, na hiyo huenda kwenye moshi unaovutwa na mama na mtoto aliye mgongoni, na kwenye majivu. Kuna watu wanaotambua ngozi kwa kuichoma na kutazama rangi ya jivu. Ni kweli majivu ya kromu huwa na ukijanikijani. Lakini vipimo vitatu nilivyotaja vinatosha, na havimdhuru mtu.

[Muziki mfupi]

Njia hii tunajuaje kwamba inafanya kazi? Kwa sababu imeshafanyiwa majaribio kwa zaidi ya miaka 200, na matokeo yake yako kwenye maktaba. Uingereza, kwenye miaka ya mwisho ya karne ya 18, wajalidi wa vitabu walikuwa na pambo la jalada lililochorwa mti. Walitumia ngozi ya ndama iliyosindikwa kwa tanini. Jalada lililazwa kwa mteremko na kupindwa kidogo katikati likawa kama mfereji. Wakalinyunyizia maji mengi, na maji yakakimbilia katikati na kuteremka. Kisha wakadondosha maji yenye chumvi ya chuma, na maji yenye potashi, yaani ile chumvi inayotoka kwenye majivu ya kuni. Dawa hizo zikafuata njia za maji. Chuma kikaacha weusi, potashi ikaacha kahawia, na palipokutana vijito vidogo pakaonekana matawi, na katikati shina. Hakuna aliyechora kwa mkono. Maji ndiyo yaliyochora.

Ni kazi nzuri sana kuitazama. Lakini vitabu hivyo vina funzo jingine. Vingi vya aina hiyo, ngozi yake imeliwa: palipopita chuma, uso wa ngozi umekuwa na mashimo au umebanduka kama vumbi. Dawa ilikuwa kali na haikusafishwa vya kutosha, ikaendelea kula polepole miaka na miaka baada ya mjalidi kufa. Mteja wako hatangoja miaka 200. Mkanda wake ukikatika baada ya msimu mmoja wa mvua, atarudi, au hatarudi tena kabisa. Kwa hiyo hatua ya kusuuza, ambayo kila mwenye haraka anaiona ya ziada, ndiyo nitakayoikazia leo.

Afrika Magharibi nako, mafundi wa vitambaa wa Mali wamefanya jambo la ukoo mmoja na hili. Huchovya kitambaa katika maji ya majani yenye tanini, kisha huchora juu yake kwa tope lililovundikwa lenye chuma, na tope likishaoshwa, weusi hubaki. Chuma na tanini, basi.

Sasa tuingie kazini.

Maji ya chuma. Chukua misumari ya kawaida, ile inayoshika kutu, au nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Misumari iliyopakwa zinki ya kung'aa kama bati haifai, na waya usioshika kutu haufai pia. Osha kwa sabuni kutoa mafuta, suuza. Weka kwenye mtungi wa kioo au wa plastiki, mimina siki nyeupe hadi ifunike chuma. Usifunge kwa nguvu. Siki ikila chuma hutoa gesi, na chupa iliyofungwa inaweza kupasuka. Gesi hiyo pia inawaka, kwa hiyo mtungi ukae nje au penye hewa, mbali na jiko na kibatari. Funika kwa kitambaa. Nyuzi nyembamba huchukua siku chache, misumari huweza kuchukua wiki mbili. Mwisho chuja kwa kitambaa kizito.

Mtungi huo usiwe chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Nasema hivi kwa mkazo. Mtoto mwenye kiu haulizi chupa ina nini. Andika SUMU, na kwa kuwa mtoto hasomi, uweke juu asipofika.

Maji ya majivu. Chukua majivu meupe ya kuni safi, si ya mbao zilizopakwa rangi wala ya takataka. Kikombe kimoja cha majivu kwa vikombe vinne vya maji, koroga, acha usiku kucha, asubuhi mimina yale maji maangavu ya juu na uache tope chini. Mama zetu wa Kivu na Uganda wanayajua, maana kuna mboga zinazolainishwa kwa maji kama haya. Lakini ya kazi hii usiyaonje, na yasiingie machoni. Yapunguze makali kwa kuongeza maji mara mbili yake. Jaribu kwenye kipande cha kutupa: ngozi ikigeuka ya kahawia nyekundu, sawa, ikijikunyata na kuwa ngumu, maji ni makali, ongeza maji mengine.

Chai. Chemsha majani ya chai hadi iwe nyeusi kabisa, bila maziwa wala sukari, acha ipoe. Chai ina tanini yake. Ukiipaka kwenye ngozi kabla ya chuma, weusi utashika vizuri zaidi, na ngozi iliyopauka itapata sura ya ubao.

Kabla hujagusa ngozi, nenda kwa fundi seremala uombe kipande cha ubao. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: mtu anachora mistari iliyonyooka kama ya daftari. Ubao hauko hivyo. Mistari yake haiachani kwa nafasi sawa. Inasongamana hapa, inatawanyika pale. Haikatizani kamwe. Ikifika kwenye jicho inagawanyika, inalizunguka pande zote mbili, kisha inakaribiana tena polepole. Na kila mti una tabia yake. Mninga una rangi ya kahawia ya dhahabu na michirizi myeusi isiyo na mpangilio. Wenge wa Kongo ni mweusi, mistari yake ni myembamba na imebanana. Mpingo ni mweusi moyoni na una ukingo mwembamba wa manjano, kwa hiyo anayeuiga hachori mistari mingi. Anaacha ukingo tu. Kwa anayeanza, anza na mninga. Unasamehe.

Futa ngozi kwa kitambaa chenye maji, ipake chai yote kwa sponji, kwa mwelekeo mmoja. Iache ikauke nusu. Sasa gawa maji ya chuma katika vikopo viwili: kimoja acha yalivyo, kingine ongeza maji mara tatu. Anza na yale mepesi, chora michirizi mipana kwa brashi iliyokamuliwa karibu kukauka. Kisha subiri. Mwanzoni utaona kama hakuna kitu, au kijivu tu, na mkono utawasha kutaka kuongeza. Usiongeze. Weusi unakuja wenyewe kwa dakika kadhaa. Ukishaona umetulia, chukua yale makali na uchore mistari myembamba juu yake. Mswaki uliochakaa unafaa, na unyoya wa kuku unafaa kuliko brashi nyingi za dukani kwa sababu hutoa mistari mitatu minne isiyolingana kwa mvuto mmoja.

Unyevu wa ngozi ndio unaoamua sura. Ngozi yenye unyevu huutawanya mstari na kuulainisha. Ngozi kavu huuacha mkali kama umekatwa kwa kisu. Fundi anayeuelewa unyevu anaweza kupata mvule na wenge kutoka kwenye kikopo kile kile. Na anayetengeneza kava la kitabu anaweza kujaribu ule mtindo wa Waingereza, kuinamisha ngozi na kuacha maji yachore. Mimi nisingeufanya kwenye mkanda. Ni mwembamba mno, maji hayapati pa kukimbilia.

Baada ya saa moja hivi, futa ngozi yote kwa maji mepesi ya majivu. Hapo unafanya kazi mbili kwa pamoja: unaua makali ya siki iliyobaki ndani, na unaipa ngozi ukahawia mwekundu kati ya mistari. Kama huna majivu safi, tumia magadi ya kupikia maharage, kijiko kidogo kimoja kwa lita ya maji. Kisha suuza kwa maji matupu, mara mbili, mara tatu. Kambini maji ni ya foleni, najua. Punguza idadi ya mikanda badala ya kupunguza maji ya kusuuza. Maji machafu yamwagwe mbali na bomba na bustani.

Anika kivulini. Ikikauka itakuwa ngumu kidogo, maana chuma na majivu vyote hukausha. Irudishie mafuta ikiwa bado ina unyevu kidogo: mafuta ya kupikia, tone baada ya tone kwenye kitambaa. Siku ya pili yeyusha nta ya nyuki na mafuta kidogo, ndani ya kikopo kilichowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, wala si moja kwa moja juu ya moto. Ikipoa, paka kidogo na usugue hadi ing'ae. Ndipo ule ubao utakapojitokeza.

[Muziki mfupi]

Kuna watu watakaokuambia zipo njia za mkato. Maji ya betri ya gari ndiyo ya kwanza. Yanakula chuma upesi kuliko siki, kweli. Yanakula pia mkono, macho na ngozi ya mkanda, na ya betri iliyotumika yana risasi ndani yake, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Ya pili ni oili chafu ya injini. Hiyo hainyonywi ikatulia. Itamchafua mteja, na ina vitu vinavyosababisha saratani. Ya tatu ni rangi za spiriti kwenye chumba kimoja chenye jiko. Ukiwa nazo, zitumie nje, watoto wakiwa mbali, na pasiwe na moto wowote karibu. Kwa maji ya chuma pia vaa glavu za mpira kama unazo, la sivyo kucha zako zitakuwa nyeusi wiki nzima, kwa sababu chuma hakijali kama tanini iko kwenye ngozi ya ng'ombe au kwenye vidole vilivyoshika chai.

Upande wa kuuza. Sema ni ngozi ya ng'ombe iliyotiwa rangi kwa mfano wa mbao. Usiseme ni mbao, wala usiseme ni mpingo ili upandishe bei. Mbali na uongo wenyewe, mpingo uko kwenye orodha ya kimataifa ya miti ambayo biashara yake inadhibitiwa, tangu 2017. Mgeni akiamini amenunua mpingo, anaweza kujieleza vibaya uwanja wa ndege akanyang'anywa, na kikundi chenu hakitaona oda ya pili. Na ukweli wenyewe unauzika: mwambie weusi huu umetoka kwenye misumari na chai, kisha mwonyeshe kipande cha ngozi ambacho hakijaguswa.

Katika bei, hesabu siku za kungoja. Mkanda huu hauchukui saa nyingi za mikono, lakini unashikilia ngozi yako siku nne au tano kabla haujawa pesa. Kwa hiyo tia rangi mikanda sita kwa pamoja, si mmoja mmoja. Weka pia ubao wa mifano: vipande vidogo, kila kimoja kimeandikwa nyuma kiasi cha maji, dakika za kusubiri, na aina ya majivu. Mteja akitaka mkanda wa pili unaofanana na wa kwanza, hautafanana kabisa, kama mbao mbili zisivyofanana, lakini utaukaribia.

Wiki ijayo, siku hii na saa hii, tutazungumzia namna ya kuchonga na kulainisha ukingo wa ngozi bila mashine.

[Muziki wa kufungia]